Maswali yenu kuhusu Harewood House

Makala yangu kuhusu Harewood House, jumba la mashambani karibu na Leeds, Uingereza, imeleta maswali mengi. Nayajibu machache.

Majumba ya enzi ya wafalme George yanatambulikaje?

Wafalme wanne wa Uingereza wa jina hilo walifuatana kuanzia 1714 hadi 1830, na Harewood ni la enzi hiyo. Simama mbele ya mlango mkuu: kilichoko kushoto utakikuta na kulia. Madirisha ya ghorofa ya heshima, yenye vyumba vya kupokelea wageni, ni marefu, ya juu yake mafupi.

Nani alilijenga?

Msanifu alikuwa John Carr wa York, ingawa sifa nyingi huenda kwa Robert Adam aliyepamba ndani (Carr kaonewa, nasema mimi). Ujenzi ulianza 1759, na mwenyewe, Edwin Lascelles, akahamia 1771. Samani ni za fundi seremala Thomas Chippendale. Ukiingia ukumbi mrefu wa picha, tazama juu ya madirisha: utaona kitambaa kizito kimening'inia kwa mikunjo na vishada. Si kitambaa. Ni mbao, imechongwa na kupakwa rangi.

Fedha zote hizo zilitoka wapi?

Swali hili ndilo nililokuwa nikilingoja. Zilitoka Barbados, alikozaliwa Edwin mwenyewe. Baba yake, Henry, alitajirika kwa sukari, kwa kuwakopesha wenye mashamba ya miwa, na kwa biashara ya watumwa. Wadeni waliposhindwa kulipa, mashamba yakaangukia mikononi mwa familia, pamoja na watu waliokuwamo. Sheria ya 1833 ilipokomesha utumwa, serikali ilimlipa fidia bwana wa Harewood: zaidi ya pauni 26,000 kwa watu 1,277. Watu wenyewe hawakupewa hata senti. Mwigizaji David Harewood ni wa ukoo wa watu waliotumikishwa kwenye mashamba hayo, na jina lake limetoka huko huko. Mwaka 2023 picha yake ilitundikwa ndani ya jumba.

Bado liko vilevile?

Hapana. Miaka ya 1840 Charles Barry, yule wa jengo la Bunge la London, aliondoa baraza ya nguzo upande wa kusini, akapandisha mabawa (sehemu za pembeni za jumba) ghorofa moja na kutandaza bustani ya mawe na chemchemi mbele yake. Bustani naikubali. Kule juu aliliongezea uzito tu.

Kuna anayeishi humo?

Ndiyo, akina Lascelles bado wana sehemu yao. Tangu 1986 jumba liko chini ya wakfu wa hisani, na wageni huingia kwa kiingilio.