Kasi peke yake haitoshi

Kaka, umeuliza kwa nini timu ya taifa ya kriketi isiwachukue tu warushaji watatu wenye kasi kuliko wote nchini. Mimi ningekataa. Kumbuka Pune, Kombe la Dunia 1996: Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote wakiwa na 93 tu. Mrushaji wa Kenya, Rajab Ali, hakuwa na kasi ya kutisha, lakini vijiti vya nahodha wao Richardson aliviangusha, kisha mpigaji wao nyota Lara akadakwa na mlinda wiketi (mdakaji wa nyuma ya vijiti), Tariq Iqbal.

Kwa hiyo wa kwanza awe fundi wa kuyumbisha mpira mpya hewani. Wa pili, mrefu, anayeudundisha hadi kifuani. Wa tatu, akipatikana, wa mkono wa kushoto, maana pembe ile huwasumbua wapigaji. Na mmoja wao ajue kulenga vidole vya miguu vya mpigaji katika ova (mirusho sita sita) za mwisho. Mechi nyingi hupotea hapo.

Siku ya majaribio usihadaike na ova ya kwanza. Mbele ya wateuzi kila kijana ana kasi! Mtazame ya nane, jasho likimwingia machoni: mguu wa mbele bado hauvuki mstari wa kurushia? Akianza kushika kiuno, muulize habari za mgongo.