Nilishikwa na losheni ya supamaketi, je, nitafungwa?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20 na niko mwaka wa pili chuoni hapa Nairobi. Jumatatu iliyopita nilishikwa nikitoka kwenye supamaketi moja ya Thika Road nikiwa na losheni na manukato mkobani, jumla Sh1,850. Sijawahi kuiba, na siku hiyo pesa za kulipia nilikuwa nazo. Walinzi walinipiga picha, wakaniandikisha barua ya kukiri, kisha wakaita polisi. Nililala seli. Rafiki yangu alinilipia dhamana ya Sh5,000 na natakiwa kortini Makadara Alhamisi ijayo. Sasa msimamizi mmoja wa duka ananipigia simu, anataka nimtumie Sh20,000 "faili ipotee". Wengine wananiambia nisiende kortini, eti kitu kidogo hivyo watasahau. Mama hajui lolote. Nifanye nini? – Mwenye Aibu, Kasarani*

Marahaba, mpwa wangu. Nianze na jela, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Mtu akishikwa na vitu vya dukani, kwa kawaida hushtakiwa kwa wizi chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Hicho ni kikomo ambacho hakimu haruhusiwi kukipita. Chini yake ana nafasi pana. Mshtakiwa akiwa ni kijana asiye na rekodi, mali ikiwa imepatikana nzima na thamani yake haifiki elfu mbili, hakimu anaweza kumwachilia kwa sharti kwamba asitende kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Anaweza kumweka chini ya afisa wa probesheni, yaani anayemsimamia mkosaji akiwa nje ya jela, kwa kati ya miezi 6 na miaka 3, akamwagiza afanye huduma kwa jamii, au akamtoza faini. Kukufunga anaweza pia, sitakudanganya, lakini kwa kosa la kwanza la aina hii kuna mengi ya kufikiriwa kabla ya kufika huko.

Ninachokihofia zaidi ni ushauri unaopewa na hao wenzako. Usipofika Alhamisi, hakimu atatoa hati ya kukukamata, na ile Sh5,000 ya rafiki yako inaweza kuchukuliwa na serikali. Polisi wakikupata baadaye, hata kama ni mwaka ujao kwenye msako wa barabarani, utafikishwa mbele ya hakimu ukiwa mtu aliyetoroka, na dhamana ya pili huwa ngumu kupata. Hapo ndipo wasichana wengi hujikuta rumande Lang'ata kwa kosa ambalo lingeisha kwa onyo. Nenda. Kama umelazwa hospitalini, mtu apeleke barua ya daktari kortini asubuhi hiyohiyo.

Ile risiti ya dhamana iko wapi? Itafute leo. Dhamana ya pesa taslimu si ada wala faini. Hurudishwa kesi ikiisha ikiwa mshtakiwa amehudhuria, lakini bila risiti ni vigumu kuidai. Kama rafiki yako alilipa bila kupewa risiti, arudi kituoni aidai kwa kutumia namba yako ya OB, yaani kitabu cha polisi cha kuandikia matukio. Pesa zinazotolewa kituoni bila risiti si dhamana, ni hongo.

Kuhusu huyo wa Sh20,000, usimtumie hata shilingi. Polisi walipokuandika kwenye OB, duka lilibaki kuwa mlalamishi tu. Faili iko kwa polisi na kwa kiongozi wa mashtaka, na ukishashtakiwa kesi ni ya Jamhuri. Kwa mujibu wa kifungu cha 157 cha Katiba, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mwenyewe hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Msimamizi wa zamu hana uwezo wa kupoteza chochote, isipokuwa pesa zako. Tena kupokea malipo ili kuficha kosa kubwa la jinai ni kosa pia, kwa hiyo ukimlipa mtakuwa wawili mnaotafutwa. Hifadhi jumbe zake na saa alizokupigia, umwonyeshe wakili.

Kupatana na duka kunawezekana, ila kuna njia yake. Mtu mzima kwa niaba yako, wakili akipatikana ni bora, aende kwa meneja wa tawi au makao makuu ya kampuni na kuomba barua rasmi yenye nembo na mhuri, inayosema kwamba bidhaa zilipatikana, kampuni haikupata hasara, na haina pingamizi kesi ikiondolewa. Wakitaka fidia, ilipwe kwenye akaunti au till ya kampuni na itolewe risiti ya kampuni, si kwa namba ya simu ya mtu. Barua hiyo hupelekwa kwa kiongozi wa mashtaka kabla hujasomewa mashtaka. Anaweza kuikataa, lakini hata akiikataa itakusaidia wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu.

Wakili wako amwombe pia kiongozi wa mashtaka auangalie utaratibu wa kuwatoa wakosaji nje ya mkondo wa mahakama. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera ya jambo hili, na haiwahusu watoto peke yao. Anayekubali kuwajibika kwa hiari yake huwekewa masharti, kama vile kuomba radhi, kulipa fidia au kupata ushauri nasaha, na akiyatimiza hatiwi hatiani. Kwa msichana wa hali yako hii ndiyo njia ninayoitaka kuliko zote, nami nasikitika kwamba vijana wengi hukiri kizimbani bila kujua kuwa ipo. Usingoje kupewa, iombe.

Tukija kwenye kizimba chenyewe, karani atasoma shtaka na kukuuliza kama ni kweli au si kweli. Wengi wanadhani kusema "ni kweli" haraka ndiyo njia ya kurudi nyumbani mapema. Ukishakiri na ukatiwa hatiani, rufaa yako inaweza kuhusu adhabu tu, si hatia, na siku za kuikata ni 14. Kwa hiyo usiseme neno kabla hujaisoma hati ya mashtaka kwa macho yako. Angalia jina, tarehe, thamani ya bidhaa na kifungu cha sheria. Angalia pia kama kuna shtaka la pili chini yake, linaloitwa shtaka mbadala. Mara nyingi huwa ni kushughulikia mali ya wizi, chini ya kifungu cha 322. Kwa sikio linasikika jepesi, lakini adhabu yake inafika miaka 14, nalo halimhusu aliyechukua kitu rafuni mwenyewe, kwa sababu sheria inataka kushughulikia huko kuwe nje ya tendo la kuiba. Nimeona niliseme kwa urefu kwa kuwa watu hulikubali hilo la pili wakidhani wamejipunguzia mzigo.

Kama hujapata wakili kufikia Alhamisi, mwambie hakimu kwa adabu kwamba unaomba muda wa kumpata kabla ya kujibu shtaka. Hilo ni haki yako. Chama cha Kituo cha Sheria hapa Nairobi husaidia wasio na uwezo, na ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Nenda kesho, usingoje Jumatano jioni.

Barua uliyoandikishwa na walinzi isikufanye uone mambo yamekwisha. Chini ya Sheria ya Ushahidi, ungamo halipokelewi kortini mpaka liwe limetolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa asiyeichunguza kesi hiyo, na pawe na mtu uliyemchagua mwenyewe. Chumba cha nyuma cha supamaketi si mahali hapo. Ushahidi mzito zaidi ni picha za kamera na mlinzi aliyekuona ukipita kaunta bila kulipa, kwa sababu ndio unaoonyesha nia, na una haki ya kuuona kabla ya kesi kusikizwa. Nazo zile picha walizokupiga, wakizibandika ukutani au mtandaoni, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Sasa mama. Najua hutaki kuisikia sehemu hii. Ukitiwa hatiani, kuna uwezekano mkubwa hakimu ataitisha ripoti ya probesheni kabla ya kutoa adhabu. Afisa atapiga simu nyumbani, pengine atamuuliza chifu na chuo pia, na swali lake la kwanza kwa mama litakuwa kama anajua. Ripoti inayosema familia inajua na iko tayari kumsimamia binti yao ina nguvu kubwa. Inayosema mzazi alipata habari kwa afisa inaumiza. Tena hakimu anaweza kutaka mdhamini, na faini ikitolewa inatakiwa ilipwe, la sivyo unafungwa kwa muda ambao hakimu ameutaja. Ni nani atakayekimbia kuilipa? Mficha uchi hazai, mpwa wangu. Mwambie Jumamosi hii, mkiwa wawili, umwonyeshe risiti na tarehe ya korti, ili jambo la kufanya liwepo mezani pamoja na machozi.

Umesema pesa za kulipia ulikuwa nazo. Hilo halikukingi mbele ya sheria, lakini linanihangaisha mimi. Mtu anayechukua asichokosa uwezo wa kukinunua mara nyingi amebeba jambo jingine, na wewe ndiwe unayelijua. Mwone mshauri wa wanafunzi chuoni, kwanza kwa ajili yako, na pili kwa sababu barua yake ya kwamba umeanza kuhudhuria vikao huthaminiwa na kiongozi wa mashtaka na afisa wa probesheni.

Na kazi? Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, hutolewa kwa kulinganisha alama za vidole, na ukitiwa hatiani rekodi inaweza kujitokeza hapo hata kama adhabu ilikuwa nyepesi. Ndiyo maana nakusisitizia kutafuta kesi iondolewe kabla ya kujibu shtaka. Ikiondolewa, omba kortini nakala iliyoidhinishwa ya uamuzi na uiweke pamoja na vyeti vyako vya shule. Cheti kikikwama siku moja, ndiyo utakayoipeleka makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Fomu ya kazi ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, jibu hilohilo lililoulizwa. Kushtakiwa na kutiwa hatiani ni mambo mawili.

Alhamisi fika Makadara saa mbili asubuhi. Tafuta jina lako kwenye orodha ya kesi ubaoni ujue ni korti namba ngapi, na ukikosa kuliona muulize karani kwa kumpa namba ya OB. Beba kitambulisho, risiti ya dhamana, kitambulisho cha chuo na nakala za barua zote. Vaa nguo za heshima, zima simu, na mama akikubali kuja akae ndani ya korti, si nje, ili hakimu akiuliza kama kuna jamaa yako, asimame.