Ameacha kuharisha, je, arudi shule kesho?

Kwangu hesabu haianzii siku mtoto alipoanza kuumwa, wala asubuhi aliyoamka akitabasamu. Inaanzia kwenye choo cha mwisho cha majimaji au mara ya mwisho kutapika, kile kilichotokea mwisho kati ya hivyo viwili. Kutoka hapo namkalisha nyumbani saa 48. Aliyeharisha mara ya mwisho Jumanne saa tatu usiku hatavaa sare Alhamisi, hata kama Jumatano nzima alikuwa akikimbiza kuku uani. Anarudi Ijumaa.

Uingereza wazazi huambiwa hivyohivyo na wahudumu wa afya. Hapa Dar mwalimu wa darasa mara nyingi ataridhika na neno "ameshapona, mwalimu", kwa hiyo uamuzi unabaki kwako wewe mzazi, saa kumi na moja alfajiri, gari la shule likikaribia kupiga honi.

Sababu ya kusubiri si uchovu wa mtoto tu. Virusi vingi vya tumbo huendelea kutoka kwenye kinyesi hata baada ya tumbo kutulia, na norovirus ndiyo mbaya zaidi, maana chembe chache tu zinatosha kumwangusha mtoto mwingine. Saa hizo 48 zinapunguza hatari, haziimalizi. Ndiyo maana ninaporudisha mtoto naangalia pia vyoo vya shule anayorudi vikoje.

Hapo ndipo ushauri wa mitandaoni unapotuacha, kwa sababu umeandikwa kwa ajili ya shule zenye bomba na sabuni kila mlango. Mwongozo wa Tanzania wa vyoo vya shule unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Nenda shule yako ukahesabu. Uliza maji ya kunawa yanatoka wapi, kama kibuyu chirizi, lile dumu la kunawia linaloning'inizwa, kina maji saa nne wakati wa mapumziko au kinajazwa mkaguzi anapokuja, na kama kuna sabuni. Mtoto wa chekechea asiyeweza kujisafisha mwenyewe, kwenye shule ya maji ya ndoo, mimi namwongezea siku. Wa darasa la sita anayejua kunawa sina wasiwasi naye sana. Na msidanganyike na zile chupa za vitakasa mikono zilizopangwa mlangoni kwenye shule za kulipia. Norovirus haiogopi sana spiriti. Inayoiondoa mkononi ni sabuni na maji yanayotiririka.

Kabla ya kuanza kuhesabu saa, lakini, uwe na uhakika ni tumbo. Kwetu mtoto mwenye homa anayetapika anapimwa malaria kwanza, siku hiyohiyo. Ikiwa ni malaria, kanuni ya saa 48 haina kazi, maana haambukizi wenzake kwa choo. Atarudi dawa ikishafanya kazi, homa imeondoka na anakula. Ukiona damu kwenye choo, anatapika kila anachokunywa, amelegea hadi hataki kushika kikombe, macho yameingia ndani au hajakojoa kwa saa nyingi, nenda kituo cha afya. Choo kikiwa cheupe kama maji ya kuoshea mchele na kinamwagika mfululizo, nenda usiku huohuo, usisubiri kukuche. Katika hali hizo siku ya kurudi shule ataisema daktari, na kama ni kipindupindu bwana afya naye atakuwa na neno lake.

Kuna mambo mawili yanayoharibu hesabu. La kwanza ni dawa ya kufunga choo. Vidonge vya loperamide mtoto mdogo hapewi kabisa, na hata kwa mkubwa, saa alizokaa bila kuharisha kwa sababu ya kidonge si saa za kupona. Flagyl, antibiotiki inayonunuliwa dukani kwa mazoea, nayo haiui virusi. La pili ni kuogopa kila choo laini. Kuharisha maana yake ni choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa saa 24. Mtoto anayetoka kuumwa anaweza kupata choo laini siku kadhaa, hasa akinywa maziwa, huku anakula na kucheza vizuri. Huyo hana sababu ya kukosa wiki nzima ya masomo.

Mimi nataka kuona vitu vichache tu: amelala usiku kucha bila kuamshwa na tumbo, amekula chakula cha kawaida cha nyumbani mchana na usiku kikatulia, na mkojo wake haujakolea. Nikikosa kimoja, habaki kwa jirani wala haendi tuisheni, anabaki nyumbani. Ndugu zake wazima wanaenda shule kama kawaida, wakinawa.

Siku za nyumbani ni za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, na zinki. Soma pakiti, nyingi ni za lita moja ya maji safi lakini zipo za nusu lita, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Zinki kwa mtoto aliyezidi miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huiacha choo kikishakaza. Iendelee hata akiwa amerudi darasani, ni kidonge kimoja kwa siku, anapewa nyumbani, mwalimu hahusiki.

Najua linalomsukuma mzazi kumpeleka mtoto mapema mara nyingi ni kazi yake mwenyewe. Dada wa kazi hayupo, bosi hataki kusikia habari za matumbo. Basi ijue haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mwajiriwa angalau siku nne za likizo yenye malipo kwa sababu zikiwemo ugonjwa wa mtoto wake. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho, kwa hiyo tunza karatasi ya zahanati. Wenye genge na mama lishe hawana kifungu cha kuwatetea, na kwao ninachoweza kusema ni kumtafuta bibi au shangazi mapema, siku ya kwanza ya ugonjwa, badala ya usiku wa kuamkia kufungua biashara.

Usiku wa kuamkia kurudi namtumia mwalimu ujumbe. Namwomba amruhusu kutoka kwenda chooni bila kusubiri zamu, na asimlazimishe kumaliza makande, maana mahindi na maharage kwa tumbo lililotoka vitani ni mtihani. Namfungia wali au viazi vya nyumbani na chupa ya maji yaliyochemshwa. Kama njia ya gari la shule ni ndefu, siku ya kwanza nampeleka mwenyewe, sababu kwenye foleni ya Mbagala hakuna pa kushuka. Namba yangu iwe hewani siku hiyo. Akiharisha tena shuleni namfuata, saa 48 zinaanza upya, na njiani tunapitia zahanati.