Nani atamkatia ng'ombe majani?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama vikundi vya majirani vinawasaidia watu kweli kupata matibabu, au vinabeba tu mzigo wa serikali. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha hisa, yaani cha kuweka na kukopa, katika kitongoji kimoja cha milimani, wilaya ya Lushoto. Tuko wanachama 28, wengi wetu wanawake. Jibu langu ni kwamba vinasaidia, na msaada wao mkubwa uko mahali ambapo serikali haifiki hata ikiwa na nia njema: ndani ya nyumba, kabla mgonjwa hajavuka kizingiti.

Nililijua hilo kwa msiba. Mwaka 2016, mvua za masika zikiwa zimekolea, wifi yangu alishikwa na uchungu wa mimba ya nne jioni. Zahanati yetu iko ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye afya yake. Aliondoka alfajiri. Mtoto alizaliwa njiani, na hakulia. Siku zote za matanga tulilaumu barabara, tukalaumu mvua, tukalaumu umbali. Mimi nililaumu kwa sauti kuliko wote.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tumekaa tukichambua maharage, akaniambia, "Wifi, jioni ile nilikuwa na nguvu za kutembea. Nilikuwa namngoja kaka yako arudi kutoka mnadani. Watoto watatu ningewaachia nani? Na ng'ombe alikuwa na siku kumi tangu azae, nani angemkatia majani?"

Kwa asiyejua maisha ya huku, ng'ombe wetu wa maziwa hawachungwi. Wanafungiwa bandani, na kila siku mtu hushuka mtoni kuwakatia majani, akapanda nayo kichwani. Asipokatiwa siku mbili maziwa yanakauka, na hayo maziwa ndiyo sare za shule na ndiyo mafuta ya taa. Mama anayekaa nyumbani na uchungu wake usiku kucha si mjinga wala mkaidi. Anapiga hesabu ya vitu vitakavyoharibika akiondoka. Wataalamu wa afya ya uzazi husema mama huchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Gari la wagonjwa hata lingekuwa limeegeshwa mlangoni lisingemtibu wifi yangu kuchelewa kule kwa kwanza.

Basi tukaanzisha daftari. Halina ufundi wowote. Mwanamke akifikisha miezi saba, kwa ridhaa yake, tunaandika jina lake na tarehe ya matazamio iliyo kwenye kadi ya kliniki. Mbele yake tunaandika nani atalala na watoto, nani atakata majani na kukamua, jirani gani simu yake haikosi chaji, na vijana wanne wa kubeba machela mpaka barabarani. Kabla ya miezi saba hatuandiki, kwa sababu huku mimba haitangazwi mapema na sisi hatukutaka kuvunja heshima hiyo. Daftari linakaa ndani ya sanduku la kikundi, lile la kufuli tatu na watunza funguo watatu.

Kilichotusumbua mwaka wa kwanza ni maziwa. Mama mmoja alirudi kutoka hospitali akakuta jirani aliyemkamulia ng'ombe ameuza maziwa ya siku tisa na hela amekula. Jirani naye akasema majani ameyakata kwa mgongo wake, hakuyaokota. Tulilijadili kwa vikao viwili vizima, watu wakanuniana kanisani na msikitini. Mwishowe tukakubaliana: maziwa ya asubuhi ni ya mwenye ng'ombe, ya jioni ni ya aliyekata majani. Tangu siku hiyo sijasikia mwanamke wa kitongoji chetu akisema hawezi kwenda kwa sababu ya banda.

Machela hatukuivumbua sisi, wazee wetu walibebana hivyo hivyo. Hata Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, ambako milima inafanana na yetu, wana vyama vya engozi, yaani vyama vya kubeba wagonjwa kwa machela. Hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wake wa bima mwaka 1996 iliujenga juu ya vyama hivyo. Nalitaja hili kwa sababu nimewasikia watu wakisema tungoje mradi ndipo tuanze. Wenzetu walikuwa na kamba na miti kwanza, bima ikawafuata.

Tukishafika barabarani, hapo serikali ipo, na lazima niseme kweli. Siku hizi kuna mfumo wa m-mama: unapiga 115 bure, na ikiwa gari la wagonjwa halipo karibu anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Unamhudumia mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga. Kabla yake tulikuwa tunampakia mama mwenye uchungu kwenye bodaboda, mtu mwingine nyuma akimshikilia, kwenye kona za huku usiku wa mvua. Sitaki kuona tena. Lakini hata huo mfumo unahitaji mtu wa kupiga simu saa nane za usiku na kumweleza dereva aingilie njia ipi baada ya mti gani. Ndiyo kazi ya yule jirani wa simu yenye chaji.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi nchini vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015–16. Kazi hiyo ni ya wengi: wakunga, madaktari, wajenzi wa vituo. Ila kila nikiisoma hiyo 104 namkumbuka wifi, ambaye mwenyewe alipona kwa kudra ya Mungu tu.

Kuhusu mzigo wa serikali, kikundi kitaubeba kama kitaishia kuchanga. Mwanzoni tulichanga sana. Zahanati ilikuwa inawaambia wanawake waje na glavu, wembe na mpira wa kulalia, ilhali huduma ya kujifungua ni bure kwa sera, na asiye navyo anaona aibu hata kwenda. Tukanunua tukaweka akiba kwa kutumia mfuko wa jamii wa kikundi, ule wa michango ya kusaidiana. Vikaisha, tukanunua tena. Mwanachama mmoja, bibi wa miaka sitini na kitu, akauliza kikaoni: hivi hela za zahanati nani anazipangia matumizi? Tukapeleleza. Kumbe tangu 2018 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, zile wafadhili wanazochangia huduma za afya kupitia serikali, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na matumizi yake yanapita kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, na kamati hiyo ina viti vya wananchi. Kiti kimoja kilikuwa wazi na hakuna aliyekiomba. Tukamsukuma bibi huyo huyo. Leo glavu zimo kwenye mpango wa matumizi, na taa ya chumba cha kuzalia ambayo muuguzi alikuwa akiifidia kwa tochi ya simu imetengenezwa. Fedha zile zile za mfuko wa jamii sasa tunazikopesha bila riba kwa bima ya afya ya kaya, ili mtu alipe kwanza na arudishe viazi vikiuzwa.

Lipo kosa letu ambalo nataka wenye vikundi walisikie. Kwa miaka miwili daftari lilikuwa la wanachama tu. Asiyemudu hisa hakuwemo, na ndiye hasa asiye na ng'ombe, wala mume, wala simu. Tulibadili kanuni baada ya binti mmoja kujifungulia shambani peke yake, mita chache kutoka kwa mjumbe wetu. Wote wawili walikuwa wazima, lakini nilishindwa kumtazama usoni. Sasa daftari ni la kitongoji kizima.

Kinachotushinda mpaka leo ni wale wanaoambiwa wasizalie zahanati kabisa, kama aliyewahi kupasuliwa au mwenye mimba ya kwanza na umbo dogo. Hawa wanatakiwa wakasubiri karibu na hospitali wiki mbili au zaidi, na majani ya siku mbili tunayamudu, ya wiki tatu yanatuelemea. Chakula cha huko ndiyo mzigo zaidi. Wasomaji mlio na nyumba ya kusubiria uzazi kwenu, tuandikieni: unga na mboga za mama anayesubiri zinatoka wapi, na nyumbani kwake nani anabaki?