"I go" au "I am going"? Anza na hu-

Ndugu uliyeuliza kwa nini mwalimu anakunyima alama ukiandika "I am going to church every Sunday": mwalimu yuko sawa. Shida inatoka kwa "-na-" yetu, inayobeba kazi mbili. "Ninaenda kanisani" yaweza kuwa niko njiani saa hii, au ndiyo desturi yangu. Kiingereza hutenganisha hizo mbili.

Nimewahi kufundisha Kiingereza vijana wanaozungusha watalii kwa mashua pale Dunga, Kisumu. Siku moja mmoja wao alikuwa anaeleza tabia za viboko, akasema, "The hippos are coming out of the water." Alimaanisha hutoka usiku kula nyasi. Wageni wote waligeuka na kamera zao, mashua ikainama upande. Sentensi aliyohitaji ni "The hippos come out at night."

Kipimo nilichowapa ni hiki: isemee sentensi yako kwa "hu-", au kwa ile "-nga" yetu ya mtaani. Ukiona "viboko hutoka" au "wanatokanga" inakaa vizuri, weka kitenzi peke yake, bila "am" wala "are".

Kipimo hicho hukwama kwa vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda na kuwa na kitu. Hivyo, hata ukizungumzia saa hii, ni "I know", "I want", "I have two brothers". "I am having two brothers" utaisikia sana huku kwetu na hakuna atakayekosa kukuelewa, ila kwenye mtihani itakuangusha.

Halafu kuna ile "s". Sisi mtendaji tunamwonyesha mwanzoni mwa kitenzi, wao wanaibandika mwishoni, tena kwa yeye mmoja tu: "A hippo eats grass." Vurugu huja kwenye swali na kukanusha. Mgeni akiuliza, "Does it eat fish?" (na huuliza sana), jibu ni "No, it doesn't eat fish." Si "doesn't eats", maana "s" imeshahamia kwa "does" na haikai kwa wote wawili. Hapa ndipo wanafunzi wangu walisumbuka kuliko kwingine kote. Hakuna njia ya mkato, ni kuulizana na kujibizana kwa sauti mpaka ulimi uzoee.

Ratiba nayo hutumia umbo hilohilo hata kama ni ya kesho: "The boat leaves at six tomorrow." Hiyo "six" ni saa kumi na mbili yetu. Ukimwambia mgeni "twelve", atakuja jua la utosi.