Jina la mgonjwa lisiingie humo, yakhe

Simama hapo hapo. Unasema una zahanati ndogo Chake, kumbukumbu za wagonjwa unataka kuziweka kwenye TiddlyWiki, lile daftari la kompyuta linalofunguka kwenye kivinjari, kila ukurasa uubandike lebo ya "siri", halafu unauliza majedwali yanachorwaje na kama kwenye simu itafunguka. Hiyo lebo ni pazia la mlangoni, upepo ukipiga ndani kwaonekana. Daftari lote lile ni faili moja la HTML, yaani ukurasa wa wavuti ulioandikwa kwa maandishi ya kawaida. Mtu akilifungua kwa Notepad, ile programu ya kuandikia maandishi matupu, anasoma kila kitu.

Mimi nilijiona mjanja kukushinda, nikaweka nenosiri. Ila nililiweka mwezi wa tatu wa kazi, baada ya fundi mmoja kuniambia, "Weka nenosiri, ulale." Nikalala. Hakuniambia, na Mungu amsamehe maana mimi bado, kwamba kila nikibonyeza kuhifadhi, kivinjari kinashusha nakala nyengine kwenye Downloads: (1), (2), hadi (57). Nenosiri linafunga nakala za tangu siku ile. Za nyuma zote zilibaki wazi.

Siku moja nikaibeba folda nzima kwenye flashi, nikaenda duka la fotokopi Wete kuchapisha ripoti ya kurasa mbili. Nikamwonyesha kijana faili, yeye akabofya la juu yake, nakala ya zamani isiyo na nenosiri. Macho yakamsimama. "Daktari, huyu si mama mdogo?" Ndiye. Na maradhi yake, ambayo hata mumewe hakuwa akiyajua, yameandikwa kwa herufi nono, tena nyekundu, maana nilikuwa napenda kupamba.

Nilipofika nyumbani habari ilishanitangulia. Yule mama kunikasirikia, haki yake. Lakini aliacha dawa, kwa kuogopa kuonekana akizifuata.

Basi jina lisiingie. Andika nambari, na daftari la karatasi lenye nambari na majina lifungie kabatini, ufunguo ukae kwako. Wala usijidanganye kwa kuandika "mwanamke, miaka 34, mke wa muadhini". Kisiwani hapa hilo ni jina kamili mpaka la babu. Jina lisiingie, hata faili likiwa na nenosiri! Nalo nenosiri liweke faili likiwa tupu, usilisahau, hakuna wa kukufungulia.

Ya majedwali kamuulize yule kijana wa fotokopi. Yangu aliyaona vizuri.