Kusoma habari bila kufungua simu

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kuperuzi habari na posti za marafiki simu ikiwa imefungwa. Habari hazina neno. Meseji ndizo za kuchunga. Simu ikilala mezani, anayepita tu anasoma "Mama anauliza ile hela" bila kugusa kitu. Kwenye Android ingia Mipangilio, Arifa, halafu ufiche maudhui nyeti kwenye skrini iliyofungwa. iPhone nayo unaiwekea ionyeshe meseji ikishafunguliwa tu.

Zile picha za habari zinazobadilika kila ukiwasha skrini, kama za Glance (huduma inayokuja na baadhi ya simu za Android), mimi ningezima: zinakula bando, na matangazo hayaishi. Ukitaka vichwa vya habari tu, iPhone kuanzia iOS 16 (ya 2022) inaruhusu wijeti (vijisanduku vya taarifa) hapo hapo kwenye skrini iliyofungwa.